Mawimbi, Mlingoti na Mtazamaji: Istilahi za Televisheni Zinavyoeleweka Kutoka Kiunga

Utangulizi

Istilahi ni neno au fungu la maneno linalobeba dhana maalumu katika uwanja maalumu wa maarifa. Fasili hii hufunzwa mapema katika kozi za isimu vyuoni, na kwa kawaida hufuatwa na orodha ya mbinu za kuunda istilahi: unyambulishaji, uambatanishaji, utohozi, upanuzi wa maana na tafsiri sisisi. Jambo ambalo halisisitizwi vya kutosha ni safari ya istilahi baada ya kuundwa. Neno huundwa na kamati, au hubuniwa na mhariri aliyebanwa na muda, kisha hutua masikioni mwa mtu ambaye hakushirikishwa kuliunda. Mtu huyo hulipokea kwa maana alizokuwa nazo tangu utotoni, wala hangoji kamusi imweleze.

Makala haya yanachunguza safari hiyo kwa kutumia istilahi za televisheni, kuanzia urushaji wa matangazo, utayarishaji wa vipindi, hadi upimaji wa watazamaji. Mahali palipochaguliwa kuwa kituo cha uchunguzi ni Kiunga, mji mdogo wa Wabajuni ulioko bara, katika ncha ya kaskazini mashariki ya kaunti ya Lamu, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia. Hoja inayoendelezwa ni kwamba istilahi kadhaa za msingi za televisheni katika Kiswahili zimetokana na kupanua maana ya maneno ya bahari na uvuvi. Kwamba istilahi hizo humfaa mtumiaji pale zinapodumisha uzi unaoziunganisha na maana ya awali. Na kwamba uzi huo ukitatizika, hasara huwa halisi, hasa kwa watu wanaoishi mbali na mitambo na mbali na wale wanaohesabu watazamaji.

Usuli: Kiunga na hazina ya maneno

Kibajuni, ambacho pia huitwa Kitikuu, ni miongoni mwa lahaja za kaskazini za Kiswahili pamoja na Kiamu, Kipate na Kisiu. Wasemaji wake wa jadi ni watu wa bahari. Mbele ya Kiunga kuna mlolongo wa visiwa vidogo na miamba ambao tangu 1979 umehifadhiwa kisheria kama Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Kiunga. Maisha ya hapo huongozwa na kaskazi na kusi, kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu.

Eneo la Lamu limetoa pia mfano bora wa mtu aliyeelewa kuwa msamiati ni mali inayoweza kupotea. Sheikh Ahmed Nabhany (1927–2017), mshairi mzaliwa wa Lamu, alitunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa 1979, ili kuhifadhi maneno ya uundaji wa vyombo vya bahari, na Umbuji wa Mnazi, iliyochapishwa 1985, ili kuhifadhi maneno ya mnazi na matumizi yake. Mshairi huyo huyo alijitahidi kuyatafutia mambo mapya majina kutoka ndani ya Kiswahili chenyewe. Neno runinga, linalotumika sana Kenya kwa maana ya televisheni, na ambalo Tanzania husikika kama luninga, huhusishwa na jitihada hizo na lahaja za kaskazini.

Televisheni yenyewe ilifika Afrika Mashariki kwa awamu. Kenya ilianza 1962 na Uganda 1963. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990, ambapo kituo cha ITV kilianza 1994. Tofauti hii ya muda ndiyo sababu mojawapo ya kuwapo kwa istilahi zinazokinzana: kila nchi ilijitafutia maneno kwa wakati wake. Mwaka 1992 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili, kazi ya Tumbo-Masabo na Mwansoko, lakini wakati huo watangazaji wa Kenya walikuwa wamekwisha kuzungumza kwa miaka thelathini.

Istilahi za urushaji: mawimbi, masafa na mlingoti

Istilahi ya kwanza ni mawimbi. Mtu wa Kiunga halihitaji neno hili kufafanuliwa: wimbi huinuka, hushuka, husafiri na hubeba nguvu, huku maji yenyewe yakibaki karibu na mahali pake. Sifa hizi ndizo anazozitaja mwanafizikia anapoeleza mawimbi ya sumakuumeme yanayobeba picha na sauti. Tofauti kubwa ni mbili. Mawimbi ya televisheni hayahitaji maji wala hewa ili yasafiri, na mwendo wake ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo upanuzi wa maana umefanikiwa, kwa kuwa umbo la dhana limehamishwa pamoja na neno.

Istilahi ya pili, masafa, ina mgogoro. Katika matumizi ya kawaida, masafa ni umbali: chombo kimetoka masafa ya mbali. Katika utangazaji, masafa ni idadi ya mawimbi yanayopita mahali fulani kwa sekunde moja, na hupimwa kwa hezi. Msikilizaji anayeambiwa kuwa kituo kimebadilisha masafa aweza kudhani kimehama. Hata hivyo, maana hizo mbili si ngeni kabisa kati yake. Umbali kutoka kilele cha wimbi moja hadi kilele cha wimbi linalofuata huitwa urefu wa wimbi, na umbali huo hupungua kadiri idadi ya mawimbi kwa sekunde inavyoongezeka. Mawimbi ya megahezi 500, yanayotumika katika televisheni, yana urefu wa sentimita 60. Vijiti vya antena inayokusudiwa kuyapokea hukaribia nusu ya kipimo hicho, yaani sentimita 30. Mwanafunzi akiitazama antena juu ya paa atakuwa anautazama urefu wa wimbi uliogeuzwa kuwa chuma.

Istilahi ya tatu, mlingoti, imetoka moja kwa moja chomboni. Mlingoti wa jahazi hubeba tanga. Mlingoti wa utangazaji hubeba antena. Mfanano huu una faida ya kielimu iliyo kubwa kuliko umbo tu. Kila baharia anajua kuwa chombo kinapokuja kutoka mbali, kinachoonekana kwanza ni ncha ya mlingoti na tanga, kisha ubavu wake baadaye. Sababu ni kwamba dunia ni duara na uso wa bahari umepinda. Mawimbi ya televisheni ya ardhini husafiri kwa mstari ulionyooka kwa kiasi kikubwa, hivyo nayo hukingwa na mpindo huo huo. Ndiyo maana milingoti hujengwa mirefu na juu ya vilima.

Hesabu yake si ngumu. Umbali wa kufikiwa na mawimbi, kwa kilomita, hukadiriwa kwa kuzidisha 4.12 kwa kipeuo cha pili cha kimo cha mlingoti kwa mita. Mlingoti wa mita 100 hufikia takriban kilomita 41. Antena ya mpokeaji ikiwa imeinuliwa mita 10, huongeza kilomita 13, na jumla kuwa kilomita 54. Kutoka mji wa Lamu hadi Kiunga ni zaidi ya kilomita 80 kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo hata kama mlingoti wa kimo hicho ungesimamishwa Lamu, mawimbi yake yangepita juu ya vichwa vya watu wa Kiunga kama tanga la chombo ambacho bado hakijaonekana.

Hapa ndipo inapoingia setilaiti, na pamoja nayo dishi. Setilaiti ya utangazaji huzunguka dunia juu ya ikweta katika kimo cha takriban kilomita 36,000, kwa mwendo unaolingana na mzunguko wa dunia, hata ikaonekana kama imesimama angani. Kiunga iko chini kidogo ya nyuzi 2 Kusini mwa ikweta. Dishi la hapo linaloelekezwa kwenye setilaiti iliyoko nyuzi 36 Mashariki huinuliwa takriban nyuzi 83, yaani hukaribia kutazama juu kabisa, tofauti na madishi ya Ulaya yanayoinamia upeo wa macho. Aidha, safari ya kwenda juu na kurudi ni kilomita 72,000, nayo huchukua karibu robo ya sekunde. Istilahi matangazo ya moja kwa moja, au mubashara, haimaanishi basi kuwa hakuna ucheleweshaji. Humaanisha kuwa tukio halikuhifadhiwa kwanza ili lionyeshwe baadaye.

Vitenzi viwili hukamilisha sehemu hii. Kituo hurusha matangazo, antena huyanasa. Kurusha ni tendo la mkono, kama mvuvi anavyorusha wavu au mshipi. Kunasa ni kazi ya mtego, kama dema linavyonasa samaki. Mvuvi anafahamu kuwa dema huwekwa mahali maalumu na kwa kuelekezwa ipasavyo, la sivyo litatoka tupu. Mtu aliyewahi kupanda juu ya paa kugeuza antena huku mwenzake akipiga kelele kutoka ndani kuwa picha imekuja au imetoweka ameishi maana ya kitenzi hicho.

Kutoka analojia hadi dijitali: chombo kimoja, shehena nyingi

Mwaka 2006 nchi nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki, zilikubaliana mjini Geneva chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano kuhamia mfumo wa dijitali, na ukomo uliowekwa kwa nchi hizo ulikuwa tarehe 17 Juni 2015. Kenya ilizindua utangazaji wa dijitali Desemba 2009. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba 2012.

Katika mfumo wa analojia, picha na sauti hugeuzwa kuwa mawimbi yanayopanda na kushuka kwa kufuata mwanga na sauti halisi. Katika mfumo wa dijitali, picha na sauti hugeuzwa kwanza kuwa tarakimu, hubanwa, kisha tarakimu hizo ndizo zinazobebwa na mawimbi. Kwa mtazamaji, tofauti hudhihirika mawimbi yanapodhoofika. Picha ya analojia hujaa chengachenga lakini huendelea kuonekana. Picha ya dijitali huwa safi, kisha hukatikakatika vipande, kisha hutoweka ghafla. Aliyezoea kuridhika na picha hafifu sasa hupata picha kamili au hakosi kuona giza.

Tofauti nyingine ni ya nafasi. Katika analojia, chaneli moja ilibeba kituo kimoja, na kwa sababu hiyo maneno chaneli, kituo, stesheni na idhaa yalitumika bila kutofautishwa. Dijitali iliutenganisha mfungamano huo. Nafasi iliyobeba kituo kimoja sasa hubeba vituo kumi au zaidi. Mfano wa kufaa ni jahazi linalobeba shehena za wafanyabiashara mbalimbali: mwenye chombo si lazima awe mwenye mzigo. Katika istilahi za leo, mwenye mzigo ni mtangazaji, na mwenye chombo ni msambazaji wa mawimbi.

Mwezi Februari 2015 tofauti hiyo iliacha kuwa ya darasani. Nchini Kenya mgogoro kuhusu nani apewe leseni ya kusambaza mawimbi, na nani aruhusiwe kubeba vipindi vya nani, ulifanya vituo vinne vikubwa vikae nje ya hewa kwa takriban siku 19 baada ya mitambo ya analojia kuzimwa. Taarifa nyingi za siku hizo zilizungumzia mitambo, leseni, masafa na chaneli. Mtazamaji asiyetofautisha mtangazaji na msambazaji hakuweza kujua nani alimzimia picha, wala malalamiko yake ayapeleke kwa nani.

Kifaa kilicholeta mageuzi hayo nyumbani kilipewa majina mawili. Jina la kwanza kuenea lilikuwa king'amuzi, kutokana na kung'amua, yaani kutambua jambo lililofichika. Baadaye, hasa Tanzania, likasisitizwa kisimbuzi, kutokana na kusimbua, ambalo linahusiana na msimbo. Kwa mtazamo wa kiistilahi, kisimbuzi ni sahihi zaidi, kwa kuwa kazi ya kifaa hicho ni kufungua kilichowekwa katika msimbo, na mnyambuliko wake wa kutendua unalingana na fumba na fumbua, funga na fungua. Kwa mtazamo wa mtumiaji, king'amuzi lina nguvu zaidi kwa kuwa kung'amua ni kitenzi anachokitumia. Mfano huu unaonyesha kuwa usahihi na uzoefu ni sifa mbili ambazo mwanaistilahi hulazimika kuzipima pamoja.

Istilahi za utayarishaji: tajiri, nahodha na mabaharia

Kipindi cha televisheni hupitia hatua kadhaa: wazo, mswada, maandalizi, upigaji picha, uhariri na hatimaye urushaji. Wahusika wakuu wawili huchanganywa mara nyingi. Mtayarishaji hutafuta fedha, huajiri watu, hupanga ratiba na huwajibika kwa kipindi kizima. Mwongozaji, ambaye Kenya huitwa pia mwelekezi, huamua namna mswada unavyogeuzwa kuwa picha. Mgawanyo huu unafanana na wa chombo cha jadi. Tajiri wa chombo hutoa mtaji na masurufu. Nahodha huamuru baharini. Serahangi husimamia mabaharia katika kazi zao. Tajiri anaweza kuwa ndiye nahodha, kama ambavyo mtayarishaji anaweza kuwa mwongozaji, lakini kazi hubaki mbili.

Lugha ya kamera ina istilahi zilizotokana na maneno ya kawaida. Picha ya mbali huonyesha mandhari yote. Picha ya kati humwonyesha mtu kuanzia kiunoni. Picha ya karibu hujaza kioo kwa uso, mkono au kitu kimoja. Mkato ni kuhama kutoka picha moja hadi nyingine bila kitu cha kati. Katika mfumo uliotumika Afrika Mashariki, picha tuli 25 huonyeshwa kila sekunde, na jicho huziunga likaona mwendo.

Istilahi hizi si za mafundi peke yao, kwa kuwa uchaguzi wa picha ni uchaguzi wa maana. Chukuliwe mfano wa kundi la wapiga picha lililofika Kiunga. Likipiga picha ya mbali ya gari la kijeshi barabarani, kisha kwa mkato likaonyesha picha ya karibu ya silaha, mtazamaji wa Nairobi ataujua mji huo kama habari ya usalama tu. Likianza na picha ya mbali ya mashua zikirudi, kisha picha ya karibu ya mikono inayoshona wavu, atakutana na mji wa kazi. Picha zote nne zaweza kuwa za kweli na za siku moja. Mwanafunzi anayezijua istilahi za kamera na uhariri ana uwezo wa kuuliza swali ambalo mtazamaji wa kawaida haulizi: ni picha gani iliyoachwa chumba cha uhariri?

Kuhusu majina ya aina za vipindi, Kiswahili kina hazina pana. Taarifa ya habari, makala, mjadala, tamthilia, mfululizo na vichekesho ni maneno yaliyokomaa. Majina ya vipindi vyenyewe yameisaidia lugha. Vioja Mahakamani na Vitimbi, vichekesho vya shirika la utangazaji la taifa nchini Kenya, viliyafikisha maneno vioja na vitimbi kwa watazamaji wengi wa bara ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Hiyo ni kazi ambayo kamusi peke yake haiwezi kuifanya.

Tangazo: neno moja, mambo matatu

Istilahi inayostahili sehemu yake ni tangazo. Kitenzi kutangaza kina maana ya kulifanya jambo lijulikane na wengi. Katika televisheni, nomino inayotokana nacho hubeba dhana tatu. Kwanza, matangazo ni urushaji kwa jumla: matangazo yataendelea hadi saa sita usiku. Pili, tangazo ni ujumbe wa kibiashara uliolipiwa. Tatu, tangazo ni taarifa rasmi ya mamlaka inayotaka watu watende au waache jambo.

Katika miji mikubwa, muktadha hutosha kutofautisha. Mahali kama Kiunga, dhana ya tatu ina uzito wa pekee. Mwezi Julai 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya mwezi uliotangulia, serikali iliweka kafyu katika kaunti ya Lamu. Uvuvi wa usiku nao ulipigwa marufuku kwa miaka kadhaa kwa sababu za usalama, ukaruhusiwa tena kwa masharti 2019. Mvuvi asiyepata tangazo la aina hiyo, au aliyelipata akidhani ni mazungumzo ya kipindi, huhatarisha riziki na uhai wake.

Ushahidi mwingine ni wa tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra lilizusha tsunami iliyochukua saa kadhaa kuvuka Bahari ya Hindi. Nchini Somalia walifariki watu karibu 300. Nchini Kenya alifariki mmoja. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, zikiwamo umbo la pwani na hali ya maji, lakini mojawapo ni kwamba habari zilikwishafika kupitia vyombo vya habari na watu wakaondolewa ufukweni. Siku hiyo mawimbi ya redio na televisheni yalishindana na mawimbi ya bahari, na kwa kuwa ni ya haraka zaidi, yalitangulia kufika.

Kwa mintarafu hiyo, inapendekezwa kuwa dhana hizo tatu zitenganishwe katika matumizi ya kitaaluma: urushaji kwa dhana ya kwanza, tangazo la biashara kwa ya pili, na tahadhari au ilani kwa ya tatu pale ambapo hatua inatakiwa. Maneno hayo yote yamo tayari katika lugha. Kinachotakiwa ni uthabiti.

Istilahi za kupima watazamaji

Kituo cha kibiashara huishi kwa kuuza nafasi za matangazo, na bei ya nafasi hutegemea idadi ya watazamaji. Kwa kuwa haiwezekani kumwuliza kila mtu, huchaguliwa sampuli, yaani kundi dogo linalotarajiwa kuwakilisha umma wote. Njia za kukusanya data ni kadhaa: shajara ambamo mtazamaji hujaza alichotazama, mahojiano ya ana kwa ana, maswali kwa njia ya simu, na kifaa kinachounganishwa na televisheni ili kurekodi chenyewe.

Vipimo vitatu vinapaswa kutofautishwa. Ufikio ni idadi au asilimia ya watu waliotazama kituo angalau kwa muda mfupi katika kipindi fulani, kama vile wiki. Kiwango cha utazamaji ni asilimia ya wote wenye uwezo wa kutazama waliotazama kipindi fulani. Mgawo ni asilimia ya wale tu waliokuwa wakitazama televisheni wakati huo. Chukuliwe mfano wa kubuni wa kaya 1,000 zenye televisheni. Saa moja usiku, wakati wa taarifa ya habari ya Kiswahili, kaya 600 zimewasha televisheni, na 240 kati yake zinatazama kituo kimoja. Kiwango cha utazamaji cha kituo hicho ni asilimia 24, bali mgawo wake ni asilimia 40. Namba zote mbili ni sahihi, na kituo chochote kitapenda kuitangaza ile kubwa.

Ugumu huanza pale istilahi hizi zinapopelekwa Kiunga, na ni wa aina tatu. Kwanza ni neno kaya. Katika takwimu, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Sensa ya Kenya ya 2019 ilionyesha kuwa takriban asilimia 41 ya kaya zilikuwa na televisheni inayofanya kazi. Katika pwani ya Kenya, hata hivyo, kaya ni jina la misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na mhoji asiyejua hilo aweza kueleweka vibaya tangu swali la kwanza.

Pili ni mahali pa kutazamia. Katika miji midogo ya pwani, watu wengi hutazama mpira au habari kwa pamoja, katika ukumbi au mkahawa. Watu sitini mbele ya kioo kimoja huhesabiwa kuwa si kaya, na mara nyingi si chochote. Kipimo kinachohesabu nyumba huwapoteza.

Tatu ni wakati. Shajara ya utazamaji hujazwa mara nyingi kwa wiki moja. Katika mji wa wavuvi, kalenda ya kazi hufuata bahari: bamvua na maji mafu hupokezana kwa takriban wiki moja moja. Shajara ya siku saba inaweza kuangukia wakati ambapo wavuvi wako baharini, na matokeo yakasema kuwa wanaume wa Kiunga hawatazami televisheni. Wiki inayofuata ingesema kinyume. Saa za kilele, yaani saa zenye watazamaji wengi, nazo zimepangwa kwa kumfikiria mtu anayerudi kutoka ofisini jioni, wala si anayetoka na maji yakipwa.

Athari zake ni za kweli. Asiyehesabiwa hana bei sokoni. Asiye na bei hatayarishiwi kipindi. Asiyetayarishiwa kipindi hubaki kuonekana katika vipindi vya wengine, kwa picha ambazo hakuzichagua.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa istilahi za televisheni katika Kiswahili hazikuanguka kutoka mbinguni. Mawimbi, mlingoti, kurusha na kunasa yametoka baharini yakiwa na maana zake, na kwa sababu hiyo huweza kumfundisha mtumiaji jambo la kweli kuhusu teknolojia. Masafa, tangazo, chaneli na kaya yanahitaji uangalifu kwa kuwa maana zake zinagongana. Aidha, imeonekana kuwa istilahi si suala la kamusi peke yake: hugusa haki ya mtu kujua nani amemzimia picha, kupata tahadhari kwa wakati, na kuhesabiwa.

Inapendekezwa kuwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vianzishe kazi ya kukusanya maneno ya kiufundi yanayotumika na mafundi wa madishi, wapiga picha na wenye kumbi za kutazamia katika miji ya pwani, kabla ya kubuni mapya. Nabhany alihifadhi msamiati wa chombo kwa kuwasikiliza waundaji wa vyombo. Mwanaistilahi wa televisheni naye hana budi kuanzia kwa aliyepanda juu ya paa.

Maswali ya kujipima

1. Eleza, kwa kutumia mfano wa chombo kinachotokea kwenye upeo wa macho, kwa nini kimo cha mlingoti huathiri umbali unaofikiwa na mawimbi.

2. Linganisha king'amuzi na kisimbuzi kwa vigezo vya usahihi na uzoefu. Ni neno gani lingependekezwa, na kwa nini?

3. Katika mji wenye kaya 500 zenye televisheni, kaya 200 zimewasha, na 50 zinatazama kipindi kimoja. Tafuta kiwango cha utazamaji na mgawo wa kipindi hicho.

4. Pendekeza njia ya kupima watazamaji katika mji wa wavuvi kwa kuzingatia bamvua, maji mafu na utazamaji wa pamoja.